Tulivyobishana kuhusu La Règle du jeu

Filamu ya Jean Renoir iitwayo La Règle du jeu, yaani Kanuni ya Mchezo, ilianza kuonyeshwa Paris mwezi Julai 1939, na watazamaji wakaizomea. Renoir alisimulia baadaye kwamba alimwona mtu akiwasha gazeti humo ndani ili auchome ukumbi. Ikakatwakatwa kwa matumaini kwamba watu wataivumilia ikiwa fupi, haikusaidia kitu. Oktoba mwaka huohuo, vita vikiwa vimeshatangazwa, serikali ikaipiga marufuku kwa hoja kwamba inavunja watu moyo. Leo waliosomea sinema wanaihesabu miongoni mwa filamu bora kuliko zote. Mimi nimeitazama na watu wasiofanana kwa lolote, na sijapata kuona wawili wakitoka ukumbini na neno moja. Nataka kueleza tulivyobishana, kwa sababu mabishano yale yamenifundisha kutazama filamu kuliko maandishi yoyote niliyosoma juu ya sinema.

Kwanza kisa, kwa ambaye hajaiona. Rubani André Jurieux anatua Le Bourget usiku baada ya kuvuka Atlantiki kwa saa 23. Umati unamshangilia, redio inamsogezea kipaza sauti, naye badala ya kushukuru analalamika mbele ya nchi nzima kwamba mwanamke ambaye kwa ajili yake yeye aliifanya safari ile hakuja kumpokea. Mwanamke huyo, Christine, ni mke wa mtu. Mumewe ni markizi, yaani mtu wa cheo cha ukabaila, Robert de la Chesnaye, tajiri anayekusanya vinanda na vinyago vinavyojiendesha vyenyewe, na yeye pia ana hawara. Octave, rafiki wa wote, anaomba rubani aalikwe kwenye kasri la markizi huko Sologne kwa ajili ya mawindo. Kwa watumishi mambo ni yaleyale: Lisette, mtumishi wa chumbani wa Christine, ameolewa na Schumacher, mlinzi wa msitu wa markizi, lakini anacheka na Marceau, jangili wa sungura ambaye markizi amempenda akamwajiri nyumbani. Wanawinda, wanakula, wanafanya tamasha, wanafukuzana kwa bastola, na mwisho mtu anakufa.

Naishi Orléans na kazi yangu ni ya jikoni. Ukivuka mto Loire kuelekea kusini, mji ukiisha, inaanza Sologne: misitu ya mibetula na misonobari, mabwawa kila upande, ardhi ya mchanga na tope, na nyumba za matofali mekundu zilizojificha mwisho wa njia ndefu zenye mageti. Wenye pesa wa Paris wanakuja kuwinda huku tangu zamani. Miaka yangu ya mwanzo Ufaransa, kila vuli niliitwa kusaidia kuhudumia wageni wa mawindo katika nyumba moja kubwa ya huko. Kwa hiyo nilipoiona filamu hii kwa mara ya kwanza, sikuona Paris ya mwaka 1939. Niliona mlango wa nyuma.

Niliona buti zilizopangwa barazani, tope likiwa bado bichi. Katika nyumba ile, asubuhi waswagaji walijipanga mstari upande wa pili wa msitu, wakaja wakigonga miti kwa fimbo, na ndege na sungura wakawatangulia kukimbilia kule ambako bunduki zilikuwa zikiwasubiri. Baadaye vilivyoangushwa vililazwa kwenye majani mbele ya nyumba: fezanti, wale ndege wa jamii ya kuku wenye mkia mrefu, madume safu moja na majike safu nyingine, vichwa upande mmoja, halafu sungura, wamenyooshwa kama nguo zilizotoka kupigwa pasi. Wageni wanasimama kuzunguka, pembe inapigwa, wanatazama, wanaingia kula. Sisi tuliobeba bakuli za supu hatukuwa na majina. Tuliitwa kwa mkono ulioinuliwa, bila mwenye mkono kugeuza uso.

Renoir ameyaonyesha haya hatua kwa hatua. Waswagaji wake wamevaa makoti meupe, wanagonga mashina, na kamera inakaa na wanyama kabla haijaenda kwa watu. Unamwona sungura akichungulia, akisita, akikimbia. Kisha risasi zinafululiza, fezanti wanaanguka kutoka angani kama mawe, na mwisho sungura mmoja anakufa mbele ya macho yako, anajinyoosha, kisha anakunja miguu ya mbele kifuani. Wale wanyama waliuawa kweli. Katika filamu inayoitwa ya vichekesho, hiyo ndiyo damu unayoiona kwanza.

Maktaba ya mtaani kwetu ilikuwa na jioni za filamu, zikiongozwa na mwalimu mstaafu wa fasihi, mama wa Kifaransa ambaye mpaka leo anazungumza kama yuko mbele ya darasa. Kwake yeye filamu nzima ni ya vita. Alitueleza kwamba Septemba 1938 Ufaransa na Uingereza zilikuwa zimetia saini kule Munich na kumwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia, na kwamba Renoir aliianza filamu yake miezi michache tu baadaye, nchi ikiwa imeshusha pumzi huku ikijua moyoni kwamba imejidanganya. Wale wawindaji, alisema, ni Ulaya inayojiandaa kuua. Tamasha la usiku pale kasrini, ambapo kinanda kinapiga chenyewe Danse macabre, yaani ngoma ya kifo, ya mtunzi Saint-Saëns na watu waliovaa mifupa wanacheza mbele ya wageni, ni Ulaya inayojiandaa kufa. Kila kitu kwake kilikuwa ishara ya kitu kingine, na aliyajua mambo hayo kwa kina, na mimi nilimsikiliza kwa heshima yote.

Lakini kuna jambo halikunikaa sawa, nikamwambia. Nilimwambia, mwalimu, ukisema wale sungura ni askari wa mwaka 1940, unawaondoa sungura. Unamwondoa pia aliyewaokota. Kule msituni kuna watu ambao siku nzima kazi yao ni kutembea mbele ya mitutu ya bunduki za mabwana ili mabwana wapate shabaha, na Renoir amewapa makoti, sura na mwendo. Vita vimo, sikatai. Lakini kabla ya kuwa ishara, ile ni kazi ya mtu. Mwalimu alinitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, na wiki iliyofuata akaleta mzee mmoja wa Sologne.

Mzee yule alikuwa mswagaji tangu utoto. Aliitazama filamu mikono ikiwa magotini, na onyesho la mawindo lilipoisha alisema kwa sauti, "Ndivyo." Hakuwa na zaidi la kusema juu ya mawindo. Hamu yake yote ilikuwa kwa Schumacher. Katika nyumba nzima, alisema, Schumacher ndiye pekee anayeamini kwamba ndoa ni ndoa. Na kweli, kuna onyesho ambapo mlinzi huyu, mtu wa Alsace aliyenyooka, mkali, asiyejua kutania, anamwendea markizi kumlalamikia kwamba mkewe anaishi Paris na bibi yake ilhali yeye yuko msituni, na kwamba anaishi kama mfiwa. Markizi anamsikiliza nusu sikio. Watu wengi hucheka hapo. Mzee hakucheka, na alitaka kujua sisi tulicheka nini.

Hili lilinigusa, kwa sababu mzee aliona kitu ambacho maandishi mengi juu ya filamu hii hukipita haraka. Mabwana wanaweza kupokezana wake na mahawara kwa tabasamu kwa sababu hawana cha kupoteza. Kuna nyumba nyingine, kuna gari, kuna Paris. Schumacher ana kibanda, bunduki na mke. Mchezo uleule ukishuka ngazi unakuwa jambo la kufa na kupona. Hapo ndipo tashtiti ya Renoir inapokata kweli. Na bado, nikamwambia mzee, huyo unayemtetea ndiye atakayeua. Akasema, "Najua. Nimemwona." Hakutaka kumwachia.

Mwaka mwingine nilimwalika rafiki yangu wa Mombasa aliyekuja Ulaya baada ya miaka ya kazi za ndani kule Ghuba. Tuliitazama nyumbani kwangu, chai mkononi, mimi nikimfasiria pale Kifaransa kilipomzidi. Jurieux hakumhusu hata kidogo. Aliona mtoto mkubwa anayelia redioni. Markizi alimchekesha. Aliyemshika ni Lisette. "Shoga, mwangalie huyo," aliniambia. "Kila saa Madame, Madame. Mume yuko mbali na wala hana habari. Wallahi namjua mtu wa namna hii, nimelala naye chumba kimoja." Akaeleza kwamba ukikaa sana karibu na bibi mwenye nyumba, ukamvika, ukamchana nywele, ukazijua siri zake, unaanza kujiona wewe ni wa juu pia, na watu wa kwenu wanaanza kukuonea haya au wewe kuwaonea haya wao. Schumacher anamletea Lisette joho lenye kofia, zito, la kumkinga na mvua, na Lisette anaona tu kwamba halipendezi. Rafiki yangu alinyamaza pale. Baadaye akasema, "Yule bwana hakujua kuomba. Alileta tu anachokijua."

Wanaosema filamu hii inawadhihaki matajiri na kuwatetea maskini hawajaitazama meza ya watumishi. Mimi meza ile ndiyo naipenda kuliko yote, na ninaomba nikae hapo kidogo.

Watumishi wanakula chini, jikoni, kila mmoja na nafasi yake, wakuu wa huduma juu na wadogo chini, kama vile ghorofani. Mmoja anatoboa kwamba markizi si Mfaransa wa asili safi. Upande wa mama kuna babu aliyeitwa Rosenthal, wa Frankfurt. Maana yake: Myahudi. Linasemwa kwa mdomo wa chakula, kama mtu anayepitisha chumvi, na hakuna anayeshtuka. Hapo anaingia mpishi mkuu. Anasema amewahi kufanya kazi kwa mabwana wenye nasaba ndefu ambao hawakujua kula. Huyu markizi, hata kama ni mgeni, juzi alimwita amkaripie juu ya saladi ya viazi. Saladi hiyo, ili iliwe, lazima divai nyeupe imiminwe viazi vikiwa vingali vya moto kabisa, na Célestin wa jikoni hakufanya hivyo kwa kuogopa kujichoma vidole. Bwana alinusa tu akajua. Huyo, anasema mpishi, ndiye bwana wa kweli.

Nimefanya kazi jikoni miaka mingi, na nakuthibitishia kwamba mpishi yule anasema kweli. Kiazi cha moto kinakunywa. Kikipoa kinafunga, na utakachomimina kinabaki chini ya bakuli. Inabidi uvimenye vidole vikiungua, uvikate vikitoa mvuke, umimine papo hapo. Siku niliyoliona onyesho lile na wapishi wenzangu wawili, mmoja alipiga paja kwa furaha, kwa sababu katika sinema ni nadra mno kuona mtu wa jikoni akisema jambo sahihi la jikoni. Na mpishi huyohuyo, akiambiwa kwamba mgeni fulani wa kike hali chumvi isipokuwa ya baharini, anajibu kwamba atakula kama wengine wote: anakubali masharti ya afya, si mambo ya kujidai. Sisi tulishangilia kama uwanjani.

Lakini ukitulia unaona alichokifanya Renoir. Mpishi amemtetea Myahudi, na sababu ya kumtetea ni kwamba anajua kuwa bwana. Hajasema kwamba nasaba si kitu. Amesema tu kwamba huyu amefaulu mtihani. Watumishi wanazilinda kanuni za nyumba kuliko wenye nyumba. Nilipomweleza mwalimu hili, alikuwa amelijua siku nyingi, na akaniongezea nilichokuwa sikijui: mwigizaji wa markizi, Marcel Dalio, alikuwa Myahudi kweli, na baadhi ya watu wa mwaka 1939 waliona ni tusi Myahudi kuigiza mtu wa tabaka la juu la Ufaransa. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia, Dalio alikimbia mpaka Marekani, na huku nyuma sura yake ikatumiwa kwenye mabango ya Wanazi kuwaonyesha Wafaransa eti Myahudi anafananaje. Ukimwona katika filamu ya Casablanca, ndiye msimamizi wa meza ya kamari. Tangu nilijue hilo siwezi tena kuona meza ya watumishi kama mazungumzo ya kupitisha muda. Neno lililotupwa pale katikati ya mlo lilikuwa na mabango nyuma yake.

Wanafunzi wa chuo wanaokuja kwenye jioni zetu wanaipenda kwa njia nyingine. Kwao ni kamera. Wanaonyesha jinsi Renoir anavyoacha milango wazi na kukipa kila chumba kina, ili mbele watu wawili wanong'one na nyuma kabisa, kwenye ukumbi, Schumacher apite akimtafuta Marceau. Wana haki. Ila mmoja wao aliwahi kusema kwamba kisa chenyewe hakina uzito, uzuri wote uko katika picha, na nikamwambia hapana. Ile milango imeachwa wazi kwa sababu ndani ya nyumba ile kila siri ya mmoja iko machoni pa mwingine. Kisa na kamera ni kazi moja.

Je, inachekesha? Hapa ndipo tunapogawanyika zaidi. Watu wawili wa umri mmoja, waliokaa kiti kimoja na kingine, mmoja atacheka mpaka machozi na mwingine atakaa kimya mpaka taa ziwashwe. Mimi nacheka. Nacheka Marceau anapokiri kwamba siku zote alitamani kuwa mtumishi, kwa ajili ya ile sare. Nacheka Lisette anapoulizwa na Christine kama urafiki mtupu na mwanamume unawezekana, akajibu kwamba ni sawa na kuzungumzia mwezi saa sita mchana. Na kuna pale Schumacher anapowakimbiza watu na bastola katikati ya wageni, na wageni wanadhani ni sehemu ya tamasha. Markizi anamwita msimamizi wa watumishi, Corneille, amwamuru akomeshe vichekesho hivi. Corneille, uso haujatikisika, anauliza: "Vipi, bwana markizi?" Akiwa na maana, vipi kati ya vyote vinavyoendelea humu. Sijui jibu fupi kuliko hilo katika tashtiti yoyote niliyowahi kuona.

Kuna mmoja ambaye hakufika pale.

Ni kaka mmoja wa Goma, tunafahamiana kwa sababu ya Kiswahili. Tulisikiana sokoni, kila mmoja na lafudhi yake, tukasalimiana. Alikuja maktabani kwa mwaliko wangu. Risasi za mawindo zilipoanza, aliinuka taratibu, akachukua koti, akatoka. Sikumfuata mara moja. Nilidhani atapenda kuachwa. Nilimkuta nje baadaye amesimama chini ya taa, akaniambia yuko sawa, ila ile milio ya kufululiza hawezi kukaa nayo kwenye giza. Nilimweleza kwamba zaidi ya hapo kuna risasi moja tu nzito, mwishoni. Akaniuliza ni ya nani. Nikamsimulia.

Nikamsimulia jinsi Octave na Christine walivyopanga kutoroka, jinsi Lisette alivyomwambia Octave kwamba yeye ni mzee na hana kitu, jinsi Octave alivyobadilika njiani akampa Jurieux koti lake na kumtuma aende yeye kwa Christine. Schumacher na Marceau, wote wameshafukuzwa kazi na wote sasa ni marafiki wa machozi, wako gizani. Wanamwona mwanamke kwenye nyumba ya mimea akiwa na joho la Lisette. Ni Christine, ameliazima tu kwa sababu ya baridi. Schumacher analitambua joho alilolitoa yeye mwenyewe, anadhani mkewe yuko na Octave, na rubani aliyeivuka Atlantiki anaanguka kama sungura. Kisha markizi anasimama mbele ya wageni wake kwenye ngazi na kutangaza kwamba imetokea ajali ya kusikitisha: mlinzi wake alidhani ameona jangili, akafyatua risasi kama ilivyo haki yake. Mgeni mmoja anasema kwa kejeli kwamba hiyo ni maana mpya ya ajali. Jenerali mzee anamnyamazisha: huyu La Chesnaye ana hadhi, na watu wa namna hiyo wanatoweka. Wanaingia ndani.

Kaka yangu wa Goma alikaa kimya muda. Halafu akasema, "Dada, mtu amekufa. Bwana mkubwa amesimama kwenye ngazi, amesema ni ajali, watu wamekwenda kulala. Na nyinyi mnaiita ya kuchekesha?"

Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu yeye alikuwa akizungumza juu ya ngazi nyingine na watu wengine, na hayo ni yake kuyasema. Nilichomwambia ni kwamba waliozomea mwaka 1939 hawakuzomea kwa sababu filamu iliwatetea wale mabwana. Walizomea kwa sababu walijiona pale kwenye ngazi. Yeye akasema hiyo haitoshi. Aliona kwamba Renoir anawapenda mno watu wake. Hata muuaji analia, hata mwongo ana macho mazuri. Akanikumbusha maneno niliyomsimulia ya Octave, kwamba jambo la kutisha hapa duniani ni kuwa kila mtu ana sababu zake. "Wale waliotufukuza kwetu pia wana sababu zao," alisema. "Nimezisikia redioni."

Tangu hapo sijamsikiliza tena mtu akiyanukuu maneno yale ya Octave kama wito wa upole. Wanayanukuu sana. Wanaacha neno la kutisha, wanabaki na sababu. Octave hasemi kwamba inapendeza kila mtu kuwa na sababu zake; anasema ndilo jambo baya. Kaka yule, aliyekuwa hajaona hata nusu ya filamu, alilisikia neno ambalo wengi walioiona yote hawakulisikia.

Pia nimeacha kumuuliza mtu kama aliipenda filamu. Namuuliza alikuwa akimtazama nani. Mwalimu aliwatazama wageni, mzee akamtazama Schumacher, rafiki yangu Lisette, mimi mpishi. Ukijua hilo, mabishano yanakuwa na mahali pa kusimama. Bila hilo watu wanarushiana tu hukumu.

Jambo jingine linalosahaulika katika ubishi huu ni kwamba watu wa mwaka 1939 na sisi hatukuona filamu moja. Ile iliyokatwa kwa hofu ilibaki na dakika kama 80 hivi. Mwaka 1942 mabomu ya nchi washirika zilizopigana na Ujerumani yakaharibu nakala mama. Ni mwaka 1959 tu ambapo wapenzi wawili wa sinema, Jean Gaborit na Jacques Durand, waliokusanya vipande vilivyosalia, waliweza kuiunga upya kwa baraka za Renoir mwenyewe, ikafika dakika 106, ndefu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, na ikaonyeshwa Venice. Baada ya hapo ndipo sifa zake zilipopanda. Katika kura ambayo jarida la Uingereza Sight and Sound huwapigisha wahakiki kila baada ya miaka 10, ilishika nafasi ya 2 mwaka 1972, 1982 na 1992. Mwaka 2022 ilishuka mpaka ya 13. Wapo waliosikitika. Mimi sikusikitika, filamu iliyozomewa na ikapigwa marufuku haihitaji nafasi ya 2 ili ipumue.

Picha za nje za kasri zilipigwa La Ferté-Saint-Aubin, mji mdogo wa Sologne usio mbali na Orléans. Unafika kwa treni bila shida. Kasri lenyewe liko wazi kwa wageni, la matofali mekundu na mawe meupe, maji yamelizunguka. Nilikwenda huko na kaka wa Goma siku ya mvua ndogo. Alitaka kuona mahali ambapo mambo hayo yalitengenezwa. Mara hii alikuwa ameshatazama filamu nusu ya pili, peke yake, kwenye kompyuta, sauti ikiwa chini.

Tulisimama uani akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kwa nini mwenye filamu alijipa nafasi ya Octave? Kwa sababu Octave ni Renoir mwenyewe, ndiye aliyemwigiza, mnene, mchangamfu, mwenye mwendo wa dubu, na katika tamasha anavaa hata ngozi ya dubu na hakuna wa kumsaidia kuivua. Angeweza kujipa nafasi ya rubani, au ya mtu anayejua yote na kuwahukumu wengine. Amejipa nafasi ya rafiki wa wote ambaye anakula kwa wote, anayemleta Jurieux kwenye nyumba ile, na ambaye koti lake ndilo lililomwua.

Nilimjibu kwamba hapo ndipo mimi nashikilia kwamba Renoir hakuwatetea. Mtu anayetaka kutetea nyumba hajiweki ndani yake kwenye kosa kubwa kuliko yote. Kaka akatazama ngazi. Akasema kwamba Octave baada ya kifo anaondoka tu usiku, anaagana na Marceau, yeye aende Paris na Marceau msituni, na hakuna anayemwuliza lolote. "Amejitaja, sawa. Lakini amejiachia aondoke."

Hapo bado hatujakubaliana. Nadhani yuko karibu na ukweli kuliko wahakiki wengi, na nadhani bado anamdai Octave kitu ambacho filamu ile kwa makusudi haikumpa mtu yeyote. Mwalimu ameipanga tena kwa majira ya baridi. Kaka amesema atakuja, ataketi karibu na mlango, na baada ya taa kuwashwa anataka tuanze na Octave, si na vita.